Watatu Wanatosha

Ukiwauliza watu wa hapa Nandagala Mwalimu Saturnini alikufaje, watakuambia aliuawa na mbuzi. Wengine watasema mchanga. Kuna mpumbavu mmoja wa bodaboda anawasimulia abiria wake kwamba kisima kile kilikuwa na jini, na abiria wanamsikiliza! Mimi nimewaacha waseme mpaka wachoke. Lakini mbuzi alikuwa wangu, miti niliichukua mimi, na yowe nilipiga mimi, Hafidha. Kwa hiyo kama kuna mtu wa kusimulia, ni mimi, na leo nitasimulia hata kama roho inaniuma.

Mwalimu hakuwa mtu wa wilaya yetu ya Ruangwa. Kwao ni Mkotokuyana, upande wa Nachingwea. Alikuja huku akiwa kijana kufundisha Kiingereza sekondari, akamwoa Dionisia, binti wa hapa, na alipostaafu wakajenga jirani na sisi. Uwanja wake na wetu unatenganishwa na mkorosho mmoja tu. Walikuwa na mtoto mmoja, Brigita, muuguzi Mtwara. Dionisia alipofariki, mzee akabaki na redio, kamusi mbili zilizotoka majalada, na miwani ambayo mkono wake mmoja umefungwa uzi mweusi.

Uzi ule ni kwa sababu yangu. Alinifundisha kidato cha pili, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kukupa maana ya neno akaishia hapo. Lazima akueleze neno limetoka wapi, limezaliwa na nani, limehama lini. "Neno nalo lina kwao," ndivyo alivyosema kila siku, mpaka tukawa tunamwigiza. Basi siku moja akaandika ubaoni threat. Nikanyoosha mkono haraka, maana nilikuwa najifanya hodari, nikasema, "Tishio, Mwalimu."

"Sawa. Lakini kwao ni wapi?"

Nani ajue? Akaweka chaki chini, akasimama kwenye kona karibu na mlango, akatuambia darasa zima, wanafunzi hamsini na kitu, tumsogelee. Tukaenda. "Karibu zaidi," akasema. Tukasukumana tukicheka, walio nyuma wakawasukuma walio mbele, na mimi nikiwa mbele kabisa kiwiko changu kikamgonga usoni, miwani ikaanguka na mkono wake ukakatika. Mzee hakukasirika. Akiwa amebanwa pale ukutani, pumzi inatoka kwa shida, akasema, "Mmeona? Hakuna mwenye kisu hapa. Hakuna aliyenitukana. Waingereza wa miaka elfu iliyopita waliposema neno hili walikuwa na maana hii: umati, watu waliosongamana. Baadaye likawa na maana ya kubanwa, kuonewa. Kutishwa kwa maneno kumekuja mwishoni."

Tulicheka wiki nzima. Tukambandika jina, Mwalimu Threti, na jina likamfuata mpaka Nandagala. Watoto wa darasa la kwanza wasiojua hata kuandika walimwamkia, "Shikamoo Mwalimu Threti," naye akaitikia marahaba vizuri kabisa.

Sasa kisima. Dionisia alipougua mara ya mwisho, ndani ya nyumba hapakuwa na maji hata ya kumlowesha midomo. Bomba la kijiji lilikuwa limekauka wiki ya pili. Mimi nilichukua ndoo nikaenda bondeni, na niliporudi nikakuta wamekwisha mfunika. Baada ya arobaini Mwalimu akatoka na jembe na sururu, akachora duara nyuma ya nyumba, akaanza kuchimba. Akiwa na miaka sitini na sita! Watu walimtania, wakamwuliza anatafuta neno gani huko chini. Alichimba kidogo kidogo, nguvu zikiruhusu, na mdogo wangu Rahimu akimvutia mchanga kwa ndoo jioni akitoka shambani. Ardhi yetu ni kichanga, haina subira. Kwa hiyo kila alipofika mita moja alipanga mbao ukutani kuzunguka, na mbao zile akazikaza kwa miti migumu iliyopita katikati, kila mti ukisukuma pande zote mbili. Miti minane. Alisema akipata tofali atajengea, ndipo aitoe.

Mwaka wa tatu, kwenye mita saba, mchanga ukatoka umelowa. Nilikuwepo. Alipanda juu na kikombe cha maji ya rangi ya chai ya maziwa, akanipa mimi wa kwanza. "Hafidha," akaniambia, "hapa kwetu mgonjwa hatasubiri maji tena." Nililia kama mtoto. Akaacha kuchimba, akaanza kufyatua tofali.

Wanaotujua wanajua kwamba huku Juni ikifika hakuna mwenye miti yake. Ufuta ukikatwa lazima usimamishwe kwenye vichanja ukauke, na vichanja vinataka miti, na miti huwa haitoshi. Basi kila kitu kinang'olewa. Utakuta banda la kuku limebaki bila nguzo, na mwaka mmoja hata uzio wa choo cha msikiti ulilala shambani mpaka mavuno yakaisha. Hakuna anayelalamika. Unachukua, unaanika, unarudisha. Ndivyo tunavyoishi, na mimi sikuona ajabu kwenda kwa Mwalimu nikamwambia nataka miti yake minane.

"Hiyo ndiyo inayoshika ukuta, mwanangu," akasema.

"Si umeacha kuchimba? Shimo limelala. Wiki mbili tu nakurudishia."

Alikuna kichwa. Mzee yule hakujua kuninyima kitu. Akamwita Rahimu, wakaitoa mti mmoja mmoja, wakafunika mdomo wa kisima kwa matawi ya miiba. Akaniambia, "Lakini mtu asishuke humo mpaka irudi." Nikamjibu ndiyo, ndiyo, huku nimekwisha beba mti wa kwanza begani.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, mbuzi wangu alitumbukia. Alikuwa na mimba yake ya kwanza na tamaa isiyo na mwisho, akafuata majani yaliyobaki kwenye yale matawi. Nilimsikia akilia chini ya ardhi. Nikakimbia kwa Mwalimu, nikamkuta anageuza tofali juani.

Alikuja, akalala kifudifudi akachungulia. "Ni mzima," akasema. "Tumsubiri Rahimu arudi, turudishe miti kwanza, ndipo ashuke mtu."

Na mimi nikasema. Jamani, ulimi huu! Nikasema, "Mpaka miti irudi si atakuwa amekufa? Kisima ni chako Mwalimu, mbuzi ni wangu. Wewe huumii."

Akavua miwani akanipa nimshikie. Akafunga kamba kwenye mkorosho, akashuka polepole, mzee wa miaka sitini na tisa, miguu ikitafuta mbao. Sikumzuia. Nilikuwa nasikiliza mbuzi. Alimfunga, nikamvuta, mbuzi akatoka, akajikung'uta, akaenda zake kula. Nikageuka kumrushia Mwalimu kamba, ndipo nikasikia mbao zinalia, na ukuta wa upande wa nyumba ukashuka wote kwa pamoja.

Nikapiga yowe. Sikufikiri, lilitoka lenyewe. Na kwetu yowe likipigwa hakuna anayebaki ndani. Anayekula anaacha, aliye shambani anakuja na jembe lake, na asiyekuja ataulizwa mpaka anazeeka. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, mara tatu, mara nne, nikasikia yowe linapokelewa nyumba ya pili, na ya tatu, linakwenda hivyo mpaka barabarani.

Nilipotulia kuvuta pumzi nikasikia sauti. "Hafidha. Usisogee. Lala chini."

Alikuwa hai! Nikalala, nikachungulia. Mchanga ulikuwa umemfika kifuani, mikono yote miwili iko juu, uso mweupe kwa vumbi. Na ukingo wa upande wangu ulikuwa na ufa ambao ningeweza kutia vidole.

"Sikiliza," akasema, sauti ile ile ya darasani. "Mwite Rahimu. Mlete miti na mbao, mkaze juu kwanza, ndipo mchimbe kwa ndoo. Wewe, Rahimu na mtu mmoja. Watatu wanatosha."

"Mwalimu, nimeshapiga yowe."

Akasema, "Basi kalete miti haraka, halafu uwazuie."

Nilikimbia mpaka shambani kwenye vichanja. Ufuta ulikuwa umekauka vizuri, maganda yamefunguka, zimebaki siku mbili tatu tuukung'ute. Nikaingia katikati nikang'oa miti kama mwendawazimu. Ufuta wote ukamwagika mchangani, mweupe, miezi sita ya jasho langu, nami naukanyaga. Potelea mbali! Rahimu alikuwa upande wa pili wa shamba, akaona, akaja mbio, akabeba mitano, mimi mitatu. Tulitumia dakika ngapi sijui. Dakika kumi labda.

Tuliporudi hapakuwa na uwanja. Palikuwa na watu.

Walikuwa wamezunguka kisima safu tatu, nne, wanaume kwa wanawake, wenye majembe, wenye koleo, mama wa watu ana mtoto mgongoni. Walio nyuma wanasukuma ili waone, walio mbele wanaegemea ndani wakipiga kelele, "Mwalimu! Mwalimu, upo?" Wote ni watu wazuri. Nawajua mmoja mmoja. Nikaangusha miti nikaanza kuwapiga migongoni kwa ngumi. "Rudini nyuma! Mnamuua! Rudini!"

Unajua walifanya nini? Walinipa pole. Wanawake wanne walinikumbatia, wakanivuta pembeni, mmoja akanifunga kanga yake kiunoni. "Tulia mwenzetu. Tulia, watu wamefika, atatoka." Nikawang'ata. Ndiyo, nilimng'ata shoga yangu Swaumu mkono mpaka damu, na yeye akazidi kunishika, akilia kwa huruma. Kutoka pale waliponishika niliona ukingo unatetemeka chini ya miguu ya watu, kisha kipande kikakatika kikaenda. Wale wa mbele wakaruka nyuma wakipiga kelele. Palipotulia, nikasikia Mwalimu anakohoa.

"Hafidha!" Sauti ilikuwa ndogo sasa. "Wamekuja wangapi?"

Wale wanawake wakaniachia. Nikajibu kwa nguvu, "Wengi, Mwalimu. Wote."

"Ndilo lile neno," akasema. "Waambie asante sana. Lakini warudi."

Watu wakatazamana. Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi, na mimi sikuwa na nafasi ya kueleza habari za Waingereza wa kale. Nikapiga magoti mbele yao mchangani, nikawaomba. Nadhani ni magoti yale yaliyowaingia, kwa kuwa Hafidha wanayemjua hapigi magoti kwa mtu. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Bwana Mahamudu, akashituka, akachukua kamba za kufungia ufuta akazungusha hatua ishirini kutoka kisimani, akasimama hapo na fimbo. Watu wakarudi nyuma ya kamba. Uwanja ukawa wazi.

Tukafanya kama alivyosema. Rahimu akajifunga kamba kiunoni, akashuka juu ya mbao, akaweka mti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mimi nimelala kifudifudi nampitishia. Mahamudu alikuja kuwa wa tatu wetu, akavuta mchanga kwa ndoo ndogo, maana kubwa hazikupata nafasi. Mchanga ulikuwa umemfika Mwalimu kidevuni. Tukautoa. Saa sita ikapita, saa saba. Adhana ikalia na hakuna aliyeondoka, waliswali pale pale nyuma ya kamba. Akina mama wa jumuiya ya Wakatoliki walikuwa na rozari zao upande wa mkorosho. Mabega yakaonekana. Nikamteremshia maji ya kisima chake mwenyewe, yaliyochotwa kabla, kwenye chupa, akanywa. Akaniuliza mbuzi anaendeleaje. Haki ya Mungu, aliuliza hivyo, na mimi nikacheka, kwa mara ya kwanza siku ile nikaona kwamba atatoka.

Mti wa saba ulikuwa umeingia. Nilikuwa naunyanyua wa nane. Mchanga umemfika kiunoni, na Rahimu akamshika vizuri chini ya kwapa, akafurahi kupita kiasi, mdogo wangu, akapaza sauti: "Nimempata! Nimemshika! Anatoka!"

Vigelegele vikalipuka. Na watu wakaja.

Sitawalaumu. Nimejaribu miaka miwili kuwalaumu na sijaweza. Walikuwa wamesimama juani kwa muda wa saa nne wakimwombea mtu wao, wakasikia anatoka, wakaruka kamba kwa furaha. Waliokuwa wamefika baadaye kutoka vijiji vya jirani, ambao hawakuambiwa lolote, wakawasukuma kutoka nyuma. Mahamudu alipiga fimbo mbili hewani akapitwa. Mimi nilisimama nimeinua mikono, mti umeniponyoka, wakanipita huku na huku kama maji, wengine wananipiga busu. Nilihisi ardhi inalainika chini ya nyayo zangu. Niliona mbao zinainama. Nikasikia Mwalimu anasema, "Niachie, Rahimu," mara moja tu, kwa sauti ya kawaida.

Walimvuta Rahimu kwa kamba, akatoka amefunikwa mchanga, vidole vyake bado vimekunjwa vile alivyokuwa amemshika. Mwalimu na vingine vyote vikafukiwa. Ule ukimya wa watu mia mbili sijapata kuusikia tena, na sitaki.

Mwili ulitolewa kesho yake na watu wa serikali wenye mashine. Ndugu zake wakasema atazikwa kwao. Tulikodi magari mawili, tukatoka Ruangwa mpaka Nachingwea, na kutoka hapo mpaka Mkotokuyana, Waislamu kwa Wakristo. Miwani nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeishika tangu aliponipa, sijui niliwezaje kubeba miti na miwani siku ile, lakini ilibaki imefungwa kwenye pindo la kanga, na uzi wake.

Makaburini walijaa wanafunzi aliowafundisha kwa miaka thelathini. Padri alipomaliza, watu wakasogea kutupa udongo, wakasongamana kuzunguka kaburi, walio nyuma wakiwasukuma walio mbele. Mimi nilisimama mbali, kwenye mikorosho, hatua ishirini. Nilizihesabu. Swaumu alinipungia mkono mara mbili niende, nikakataa kwa kichwa.

Basi akaja Brigita mwenyewe, macho mekundu. Nikampa miwani ya baba yake. Akaishika, akaupapasa ule uzi, akanishika bega.

"Dada, hujatupa udongo. Njoo."

"Nilishatupa kule Nandagala," nikamwambia.

Alidhani sikumsikia, au majonzi yamenichanganya. Akanikumbatia kwa nguvu, akalia shingoni mwangu. "Wameniambia kila kitu," akasema. "Wameniambia ni wewe uliyepiga yowe mpaka Nandagala nzima ikaja. Baba hakufa peke yake kwa sababu yako. Mungu akulipe, dada yangu."

Nikaitikia amina. Yeye akarudi kwa watu, na mimi nikabaki pale pale nilipokuwa nimesimama.